Tume ya Ubora wa Sifa na Kaburi la Mwalimu Yonazi

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu raia wake wanaruhusiwa kulitaja wakiwa wamesimama tu, nami naandika haya nikiwa nimekaa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa, na ina Rais ambaye halali. Hilo la mwisho si utani. Limo katika vitabu vya shule vya darasa la tatu, pamoja na picha ya Rais akiwa macho.

Sasa, Jumapili moja, Rais asiyelala alikwenda kanisani, akalala.

Alilala mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, mdomo wazi, kamera za televisheni ya taifa zikimtazama. Kwaya ya kanisa kuu ilipoimba wimbo wa zamani wenye beti nyingi, alikuwa amelala. Vijana wa sifa walipopanda jukwaani na magitaa, ngoma na mashine ya kutoa moshi, alikuwa bado amelala, ila kichwa kilikuwa kimehamia bega la pili. Mtangazaji, mtu mwenye akili ya haraka, aliwaeleza wananchi kwamba Mtukufu alikuwa katika maombi mazito. Lakini wananchi wana masikio, na maombi yale yalikuwa yanakoroma.

Kesho yake Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura. Hoja ilikuwa nyepesi. Rais halali. Jana amelala. Basi si kwamba alilala, bali alilazwa. Alilazwa na nini? Na muziki, maana mahubiri yalikuwa hayajaanza. Muziki upi, wa zamani au wa kisasa? Hapo waheshimiwa wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na kanisa lake na wapiga kura wake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu.

Serikali isiyopenda watu wake ingeliacha jambo hilo lipite. Serikali ya nchi hiyo haikuliacha. Iliunda Wizara ya Sifa na Shukrani, na chini yake Tume ya Kitaifa ya Kupima Ubora wa Muziki wa Ibada. Waziri akawa Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Lutatina, aliyetolewa Wizara ya Mifugo. Alipoulizwa kama ataiweza kazi mpya, alisema haoni tofauti kubwa, maana kote huko kazi ni kuwaongoza wanaopiga kelele.

Amri yake ya kwanza ilikuwa fupi. Mpaka Tume itakapojua muziki upi una ubora, ni marufuku mtu yeyote kuimba wimbo wowote wa ibada, wa zamani au wa kisasa, kanisani, nyumbani au porini.

*

Watu wakatii. Makanisani nyimbo zilisomwa kwa sauti ya matangazo ya vifo, na waumini wakaitikia "amina" bila kuivuta. Askari waliwekwa milangoni kusikiliza. Mama mmoja alikamatwa akiguna wimbo huku akiosha vyombo, na akaachiwa alipothibitisha kwamba alikuwa anaumwa jino. Jirani yake hakuwa na jino bovu, akafungwa.

Tume nayo haikulala. Iliitisha mdahalo mkubwa katika ukumbi wenye viyoyozi. Upande wa nyimbo za zamani ulisemewa na Askofu mstaafu Obadia, mzee mrefu aliyezoea kuzungumza na watu akiwa juu ya mimbari. Upande wa kisasa ulisemewa na Nabii Derick, kijana mwenye miwani myeusi na suti iliyombana kiasi kwamba alipokaa ilibidi asaidiwe.

"Nyimbo hizi za kisasa," Askofu alianza, "zina maneno manne. Manne! Yanarudiwa na kurudiwa mpaka mchungaji anasahau alichotaka kuhubiri. Mungu si kiziwi. Na kama sasa ameanza kuwa kiziwi, basi ni kwa ajili ya spika zenu."

Ukumbi ukapiga makofi. Nabii Derick akasimamishwa na wasaidizi wake.

"Baba Askofu, nakuheshimu sana. Lakini nyimbo zenu zinataja theluji. Theluji, ndugu zangu! Waumini wangu theluji wanaiona kwenye friji la kuhifadhia samaki. Mtu atatubu vipi kwa kitu cha ndani ya friji?"

Ukumbi ukapiga makofi tena, watu walewale, mikono ileile.

"Vijana wenu wanatikisa viuno madhabahuni!"

"Na wazee wenu wanatikisa vichwa, kwa usingizi!"

Neno usingizi lilipotamkwa, ukumbi ukaganda. Bwana mmoja wa usalama, aliyekaa karibu na mlango, akakohoa. Nabii Derick akavua miwani, akaifuta, akasema alikusudia kusema "kwa maombi mazito". Mdahalo ukaendelea vizuri.

Ulijadili kama kinanda ni chombo cha mbinguni au cha Wazungu. Ulijadili kama gitaa lina roho, na kama lina roho, je, limebatizwa? Walibishana kuhusu moshi wa jukwaani: ni wingu la utukufu, au ni moshi tu? Mwisho wa siku walikuwa wamejadili kila kitu ila swali la wimbo ni wa kazi gani. Hilo halikuwamo katika hadidu za rejea.

Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, kazi ikapelekwa kwa sayansi. Profesa Kabwoto, mtaalamu wa sauti, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na mashine ya kupima machozi. Ilikuwa na nyaya mbili za kubandika mashavuni na mshale unaopanda kadiri mtu anavyoguswa. Wimbo bora, alisema Profesa, ni ule unaomliza mtu. Ni suala la kumtafuta mtu, kumwimbia na kusoma mshale.

Alianza na wabunge. Waliimbiwa asubuhi nzima, za zamani na za kisasa, na mshale haukuinuka hata kidogo. Profesa alidhani mashine imeharibika, akaijaribu kwa mfungwa. Mfungwa alilia kabla wimbo haujaanza, matokeo yakafutwa. Kilichohitajika, Profesa aliieleza Tume, ni machozi safi, yenye sababu, ambayo bado hayajatumika.

*

Hapa nieleze jambo moja la watu wa milimani katika nchi hiyo, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye Tume.

Kule kaburi halifukiwi bila wimbo. Jeneza likishatua chini, watu hushika makoleo na kungoja. Kwaya nayo hungoja. Koleo la kwanza likiinuliwa, kwaya yote hupasua sauti kwa mara moja, na haiachi mpaka tuta limesimama. Wageni hudhani ni mapambo ya ibada. Si mapambo. Udongo wa kwanza hauangukii udongo, unaangukia ubao, na chini ya ubao kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kuna mtu wako. Ubao huitikia. Wimbo ni wa kuufunika mwitiko huo ili mfiwa asiusikie, na ndiyo maana mfiwa husimamishwa upande wa besi, kwenye sauti nene.

Mwalimu wa kwaya wa usharika wa Mwanduka, aliyeitwa Yonazi, alilijua hilo kuliko yeyote. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, asiyejua kusifia. "Besi!" alikuwa akiwafokea. "Mkiharibu harusini nitawasamehe. Mkiharibu kaburini, msinisalimie." Binti yake wa pekee, Eliansia, alipofariki katika uzazi, kila mtu alidhani Mwalimu atakaa na wafiwa. Hakukaa. Alikwenda kusimama nyuma ya mkewe, mdomo karibu na sikio lake, akamwimbia besi tangu koleo la kwanza mpaka la mwisho, hadi sauti ikampasukia. Mkewe hakusikia udongo. Watu waliendelea kumwita Mama Eliansia, naye aliendelea kuitika.

"Nikitangulia mimi," Mwalimu alimwambia siku moja wakichambua maharage, "wewe simama upande wa besi. Nimeshawafundisha."

Akatangulia, na akatangulia katikati ya marufuku.

Mochwari wakati huo zilikuwa zimejaa, maana watu wa milimani hawakutaka kuzika kimyakimya. Wengine walikata tamaa, wakazika kwa redio ya mpira iliyofunguliwa kwa sauti ya juu. Marehemu mmoja alifukiwa bao likifungwa, na waombolezaji wakajikuta wanarukaruka. Ndugu walimshauri Mama Eliansia afanye vivyo hivyo. Akakataa.

"Mume wangu hakuwa na timu," alisema. "Alikuwa na kwaya."

Akajifunga kanga mbili, akashuka mjini kwa Waziri.

*

Waziri Lutatina kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa. Alipokea shikamoo ya Mama Eliansia bila kusita, akamwonyesha kiti kilichokuwa mbali.

"Nimekuja kuomba wimbo, baba," alisema Mama Eliansia. "Mmoja tu. Wa kumzikia mwenzangu."

"Wa zamani au wa kisasa?"

"Wowote. Uwe na sauti tu."

"Mama, hilo ndilo taifa zima linalohangaika nalo. Huwezi kusema wowote." Waziri aliinua kidole kuanza hotuba, lakini Profesa Kabwoto, aliyekuwa pembeni akipangusa nyaya zake, alikuwa tayari amesogea na kuinama sikioni mwake.

"Mjane huyu, Mheshimiwa," alinong'ona, kwa furaha ya mtu aliyeona ng'ombe wa nyama mnadani. "Mbichi kabisa."

Waziri akashusha kidole. Sura yake ikalainika.

"Mama yangu, pole sana. Hebu niambie. Tangu msiba, umelia sana?"

Mama Eliansia akafikiri. "Bado sijalia, baba. Sijapata nafasi. Nimekuwa nikizunguka maofisini."

"Usilie!" Waziri na Profesa walisema kwa pamoja.

"Serikali inakuomba," Waziri aliendelea, akimshika mkono. "Yatunze. Yanahitajika."

Wakamweleza. Serikali ingemzika Mwalimu Yonazi kwa heshima. Zingekuja kwaya ya kanisa kuu na kundi la Nabii Derick, za zamani na za kisasa, zote kwa ajili yake. Yeye angebandikwa nyaya mbili tu, haziumi. Mama Eliansia aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Wataniimbia tangu koleo la kwanza mpaka kaburi lijae?"

"Mama," Waziri alicheka, "utaimbiwa mpaka uchoke."

Akakubali. Nani asingekubali? Alitoka kusikokuwa na wimbo hata mmoja, akaahidiwa makundi mawili. Alirudi nyumbani akiwaambia majirani kwamba Waziri ni kijana mwema.

*

Siku ya maziko magari ya serikali yalijaza mashamba ya migomba. Hema lilikuwa la waheshimiwa. Jua lilikuwa la wafiwa. Mama Eliansia aliwekwa kwenye kiti kando ya kaburi, nyaya mbili mashavuni, mashine mezani mbele yake. Kwaya ya Mwanduka, iliyofundishwa na marehemu miaka yote hiyo, ilikuja na sare zake, lakini kwa kuwa haikuwa upande wowote wa mdahalo, ilisajiliwa kama watazamaji. Askari walisimamishwa katikati yao. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na jenereta, na nilimwona Heriel, mkubwa wa besi, jitu la mtu, akisimama kwa mkao wa kuimba ingawa alikuwa amekatazwa.

Waziri alizungumza kwanza. Alisema marehemu amefariki kwa wakati mwafaka. Alisema historia itamkumbuka mjane huyu kama chombo. Waheshimiwa wakapiga makofi, na jeneza likateremshwa.

Vijana wa milimani wakashika makoleo, kama desturi. Profesa Kabwoto akaruka.

"Weka chini! Wekeni chini hayo! Udongo una kelele, utaniharibia kipimo. Wimbo kwanza, udongo baadaye."

Makoleo yakashushwa. Mama Eliansia akageuka kumtazama Waziri. Waziri alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera.

Kwaya ya kanisa kuu ikaimba. Iliimba vizuri, siwezi kudanganya, sauti zote nne, na Askofu Obadia akiongoza kwa fimbo yake. Mama Eliansia hakuusikiliza wimbo. Alikuwa anayatazama makoleo yaliyolala chini, kila wimbo ulipokaribia mwisho akiyatazama zaidi. Mshale haukucheza.

Likaja kundi la Nabii Derick. Jenereta ikanguruma, moshi ukatoka, ukaingia kaburini kwanza kisha ukarudi juu. Dada mmoja mwenye nywele za zambarau aliimba maneno manne mpaka waheshimiwa wawili wakaanza kuyumba. Mama Eliansia akakohoa. Mshale ukaruka kidogo, Nabii akapiga kelele za ushindi, Profesa akatangaza kwamba kikohozi hakihesabiwi.

"Sifuri kwa sifuri," alisema.

Hapo mdahalo ukaanza upya, safari hii kandokando ya shimo. Askofu alisema mjane amepulizwa moshi. Nabii alisema mjane amechakaa, aletwe mwingine. Mtu alimsukuma mtu, kinanda kikaanguka kwenye mgomba, dada wa nywele za zambarau akamvua Askofu kofia. Waziri Lutatina akapanda juu ya kiti.

"Kimya! Kimya kabisa! Atakayetoa sauti namfunga!"

Kukawa kimya. Jenereta ikazimwa. Waziri akatazama saa yake, akakumbuka kwamba alikuwa na mapokezi mahali fulani, na alipotazama chini akaliona kaburi bado wazi.

"Nanyi mnangoja nini? Nyimbo si zimeshaimbwa? Fukieni, tuondoke."

Vijana wa milimani hawakusogea. Basi askari wakachukua makoleo.

Udongo wa kwanza ukaangukia ubao, na ubao ukaitikia.

Nimesikia vitu vingi katika maisha yangu na sitaki kusikia hicho tena. Mama Eliansia alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, nyaya zikamvuta. Hakupiga ukunga. Alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili, "Besi." Koleo la pili likaanguka. "Besi, jamani. Besi." Heriel akafungua mdomo, na kabla haujatoka mlio, askari akauziba kwa kiganja. Nilimwona Heriel akitetemeka mwili mzima, wimbo umekwama ndani, macho yamemtoka. Mama Eliansia akalia. Alilia machozi yote aliyoambiwa ayatunze.

Mshale ulipanda mpaka ukagonga mwisho, na kengele ya mashine ikaita.

"Mungu wangu!" Profesa Kabwoto alipaza sauti. "Endeleeni! Polepole, polepole! Leteni kinasa sauti!"

Kikaletwa. Lakini kufikia hapo jeneza lilikuwa limeshafunikwa, udongo unaangukia udongo, na mshale ukaanza kushuka. Profesa akashika kichwa. Akamnong'oneza Waziri. Waziri akatazama tena saa yake, akaona mapokezi yanaweza kungoja kwa ajili ya sayansi.

"Ondoeni huo udongo," aliamuru. "Rudieni mwanzo."

Askari wakashuka kaburini, wakalifagia jeneza mpaka ubao ukaonekana, wakapanda, wakaanza upya. Walirudia mpaka Profesa akaridhika na ubora.

*

Ikulu ilisikilizishwa siku ileile. Waziri Lutatina mwenyewe ndiye aliyeshika spika. Inasemekana Rais aliposikia udongo ukianguka juu ya ubao alishtuka, akakaa wima, akaushika mkono wa kiti. Akauliza ni sauti ya nini, wakamwambia. Tangu hapo hajalala tena, hata akijaribu, hata akipewa dawa, na vitabu vya darasa la tatu havihitaji kusahihishwa.

Hivyo jibu likapatikana. Muziki wenye ubora, usiolaza viongozi na unaoliza raia, ulitangazwa kuwa ni ule uliorekodiwa Mwanduka. Nyimbo nyingine zote, za zamani na za kisasa, zilifutwa. Askofu Obadia alipongeza, akisema huo ndio wimbo wa zamani kuliko zote. Nabii Derick naye alipongeza, akatoa toleo lake lenye ngoma chini, na tayari kuna mdahalo mwingine kuhusu ngoma hiyo.

Sasa kila Jumapili, katika kila kanisa la nchi ile, waumini husimama na kwaya husimama, midomo imefungwa, na spika hufunguliwa. Mwanduka walipewa spika kubwa kuliko wengine, kwa heshima ya mahali ulipozaliwa wimbo.

Mama Eliansia huenda, maana asiyekwenda huulizwa. Huketi upande wa besi, alipoambiwa na mumewe, na nyuma yake husimama Heriel, mikono mgongoni, kimya. Jumapili ile ya kwanza, udongo ulipoanza kuanguka kutoka kwenye spika, Mama Eliansia aliinua viganja akaziba masikio. Mzee wa zamu alimwona. Akamjia taratibu kati ya mabenchi, akamshika mikono yote miwili kwa upole, akaiteremsha mapajani mwake na kuishikilia hapo.

"Mama," alimnong'oneza, "tupo kwenye ibada."